Hesabu ya ndege mbuai wahamao haieleweki? Dalili, vyanzo na tiba kwa wanaohesabu Uganda

Kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Desemba inapokaribia, anga la Uganda hupokea wageni kutoka Ulaya Mashariki, Urusi na Asia ya Kati: tai wa nyika, shakivale, mwewe weusi, vipanga wa nyasini na kozi wadogo. Wengine wanapita tu kuelekea kusini mwa Afrika, wengine wanabaki hapa hadi Machi. Vifaa vya kuwahesabu ni vichache na vinapatikana: darubini, daftari, kofia, maji ya kunywa. Shida huja jioni unapokaa kujumlisha, ukakuta namba hazina kichwa wala miguu.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona kwenye daftari au angani, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo. Mara nyingi ndege hawana kosa. Kosa liko mahali tuliposimama, saa tuliyoanza, au jina tuliloandika kwa haraka.

Umekaa tangu alfajiri na ukurasa bado mweupe

Tuanze na saa. Tai na shakivale hawasafiri kwa kupiga mabawa kutwa nzima, wangekufa njiani. Wanasubiri jua lipashe ardhi moto, hewa yenye joto ipande, nao wapande nayo kwa kuzunguka bila kutumia nguvu. Wakifika juu wanateleza kuelekea kusini huku wakishuka polepole, mpaka wapate mkondo mwingine. Kwa hiyo kabla ya saa tatu asubuhi wengi wao bado wako mitini. Saa nne mpaka saa nane mchana ndiyo saa yao, na asubuhi yenye mawingu mazito husogeza kila kitu mbele. Aliyeanza saa kumi na mbili na kuondoka saa tatu na nusu amewahesabu hondohondo.

Hata hivyo kuna ndege ambao hawafuati ratiba hiyo. Vipanga wa nyasini, wale wa jenasi Circus, pamoja na kozi na furukombe mla samaki wa Ulaya, hupiga mabawa na kusafiri hata asubuhi mapema, tena wanaweza kuvuka maji. Ukiona kipanga mwembamba anapita chini chini juu ya majani saa moja asubuhi, mwandike.

Chanzo cha pili ni mahali. Watu wengi hupenda kuhesabia kandokando ya Ziwa Victoria kwa sababu kuna upepo mzuri na mtazamo mpana. Lakini juu ya maji mapana hewa moto haipandi vizuri, na tai anajua hilo kuliko sisi. Ziwa hili lina karibu kilomita za mraba 69,000. Ndege mzito hulizunguka kulia au kushoto badala ya kulikatiza. Ukisimama Entebbe ukiangalia ziwani utapata membe na vitwitwi wengi wa majini, na ghuba ya Lutembe ni maarufu kwa hao, ila tai utamsubiri sana. Tafuta mwinuko wenye nchi kavu pande zote, au ukingo wa Bonde la Ufa upande wa magharibi, kama ule unaotazama Butiaba na Ziwa Albert, ambako upepo unaogonga mteremko hupanda juu na kuwabeba. Upande wa mashariki, miteremko ya chini ya Mlima Elgon inafaa kwa sababu hiyo hiyo.

Chanzo cha tatu hakipendwi kusemwa: pengine ulitegemea makuu. Wengi wetu tumeona picha za Batumi, Georgia, ambako tangu 2008 watu wanahesabu zaidi ya ndege mbuai milioni moja kwa msimu mmoja. Batumi kuna bahari upande mmoja na milima upande wa pili, basi ndege wote wanasongamana katikati. Vivyo hivyo Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti: katika vuli ya 1987 walihesabiwa zaidi ya 240,000 wakivuka, na kati yao tai wa nyika walizidi 70,000. Wakishavuka hapo au Suez hakuna tena cha kuwabana. Wanatawanyika juu ya Sudan, Ethiopia, Kenya na Uganda kama nafaka iliyomwagika kwenye mkeka. Siku ya ndege thelathini hapa kwetu ni siku nzuri. Siku ya watano nayo ni takwimu.

Mwisho, huenda wapo na huwaoni. Mchana wa jua kali tai hupanda hadi jicho tupu lishindwe, na anga la buluu tupu ndilo baya kuliko yote kwa sababu jicho halina pa kushika. Elekeza darubini kwenye kingo za mawingu meupe, uyapitie polepole kutoka kushoto kwenda kulia, halafu urudi. Vidoadoa vyeusi hujitokeza hapo. Siku zisizo na wingu hata moja, piga darubini chini, usawa wa vilima vya mbali, maana ndege waliotoka kuteleza huanza kupanda tena wakiwa chini.

Siku moja namba imepaa mara kumi

Kabla ya kuwapigia marafiki simu, jiulize ndege walikuwa wakifanya nini.

Oktoba na Novemba ndiyo mvua za pili za mwaka katika sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Uganda. Mvua ikinyesha vizuri, jua likatoka, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Watoto wanakimbia na mabeseni, na juu yao wanakuja tai wa nyika, kozi wadogo, mwewe, hata korongo. Tai yule mkubwa, ambaye ungedhani anakula swala, anatembea chini akiokota wadudu kama kuku. Kundi hilo halisafiri. Litakuwepo kesho, labda litasogea kilomita tano, na ukilihesabu leo na kesho umelihesabu mara mbili.

Tiba ni kuweka safu mbili kwenye fomu tangu siku ya kwanza: wanaopita na waliotua au wanaokula. Anayepita anashikilia mwelekeo mmoja mpaka anapotea machoni. Anayekula anazunguka, anashuka, anarudi. Ukishindwa kuamua, mweke kwenye safu ya pili. Hesabu ya wapitao ikiwa ndogo lakini safi inafaa zaidi.

Chanzo kingine cha mruko wa namba ni mvua yenyewe. Dhoruba ikikaa siku mbili kaskazini mwako, ndege wanasimama nyuma yake. Ikifunguka, wote wanaondoka pamoja. Mruko huo ni wa kweli, na utauthibitisha tu kama uliandika hali ya hewa. Kozi wadogo wao hufanya kinyume: huifuata mvua, wakiwinda wadudu mbele ya wingu. Ukiwaona makumi kwa makumi saa kumi jioni mbele ya wingu jeusi, wapo kazini, hawapo safarini.

Kaskazini, kiangazi kinapoanza na watu kuchoma majani, moto nao hukusanya ndege: mwewe, na yule shakivale mla panzi, Butastur rufipennis, ambaye huhama ndani ya Afrika na hushuka kutoka ukanda wa Saheli. Ni mhamiaji halali, ila si wa kutoka Ulaya. Mpe mstari wake.

Mwewe wamejaa kwenye fomu kuliko ndege wengine wote

Hapa tukae kidogo, kwa sababu fomu nyingi huharibikia hapa.

Kampala ina mwewe mwaka mzima. Wako juu ya masoko, juu ya machinjio, juu ya kichwa chako ukinunua rolex, ile chapati ya mayai, kando ya barabara. Wengi ni wale wenye mdomo wa njano, ndege wa Afrika hii hii, ingawa nao huhamahama ndani ya bara. Kuanzia karibu Oktoba wanakuja mwewe weusi kutoka Ulaya na Asia ya magharibi na kuchanganyika nao. Anayehesabu mjini na kuandika “mwewe 214” hajasema chochote kuhusu uhamaji.

Kanuni inayofundishwa ni kuangalia mdomo. Wa njano wote ni wa Afrika. Mweusi wenye njano kwenye mzizi tu ni wa Ulaya. Kanuni ni sahihi kwa watu wazima na inadanganya kwa watoto, kwa kuwa kinda wa mwewe wa Afrika naye ana mdomo mweusi. Mtu akipeleka darubini kwenye mdomo peke yake atawageuza vijana wote wa Kampala kuwa wageni kutoka Poland.

Basi angalia na mengine. Mwewe mzima wa Ulaya ana kichwa cha kijivu kilichopauka chenye michirizi, na mkia wenye panda isiyo ya kina. Wa Afrika ana kichwa cha kahawia na panda ya mkia iliyozama zaidi. Lakini mkia ukitandazwa wakati wa kuzunguka, panda hupotea kwa wote wawili, kwa hiyo subiri ateleze. Ukibaki na shaka, andika “mwewe, hajatambuliwa”. Naona aibu hiyo ya kuandika “hajatambuliwa” imeharibu takwimu nyingi kuliko mvua. Fomu yenye theluthi ya mwewe wasiotambuliwa mimi huiamini. Ile ambayo kila ndege ana jina kamili huniogopesha.

Ziada kwa mwewe: tai mdogo wa umbo jeusi, Hieraaetus pennatus, huonekana kama mwewe kabisa akiwa mbali. Akija kukuelekea, tazama pale shingo inapokutana na bawa: ana doa jeupe kila upande, kama taa mbili. Mwewe hana.

Dawa kubwa ya tatizo la mwewe, ukiniuliza, ni kuhama mji. Ukihesabia mahali ambapo hakuna jalala wala machinjio, mwewe atakayepita moja kwa moja kuelekea kusini akiwa kwenye kundi la thelathini ana uwezekano mkubwa wa kuwa msafiri wa kweli.

Tai wote wameandikwa “tai”

Afadhali hivyo kuliko kubuni. Lakini kuna mmoja anayejitambulisha vizuri: tai wa nyika, Aquila nipalensis, akiwa kijana. Chini ya bawa ana mstari mweupe mpana unaokwenda katikati kwa urefu wa bawa, unaoonekana hata akiwa juu sana. Tai wa hapa anayefanana naye, Aquila rapax, hana mstari huo. Na kwa kuwa wengi wanaofika kwetu ni vijana, alama hii peke yake itakusaidia katika sehemu kubwa ya kazi. Mkazo huu una sababu: tangu 2015 tai wa nyika yumo kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, na kila hesabu safi ya huku anakopita msimu wa baridi ina kazi.

Tai wa Wahlberg, ambaye huhama ndani ya Afrika tu, ana umbo la msalaba: mabawa membamba yaliyonyooka, mkia mrefu usiotandazwa. Wengine waache waitwe “tai mkubwa” na “tai wa kati”, na uandike rangi uliyoiona.

Shakivale wa kutoka Urusi, Buteo buteo vulpinus, ana mtego wake kwenye nyanda za juu. Ukihesabia Kigezi au karibu na Bwindi, kumbuka kuna shakivale wa milimani, Buteo oreophilus, mkazi wa misitu hiyo, anayefanana naye kama ndugu. Mkazi ana madoadoa kifuani na tumboni. Mgeni mara nyingi ana mkanda uliopauka kukatiza kifua, na mkia wenye wekundu. Halafu tazama tabia. Mkazi hulia na kuzunguka juu ya msitu wake. Mgeni yuko kimya, ana safari.

Watu wawili, kilima kimoja, kundi moja: mmoja ana 60, mwingine ana 140

Wote wawili walihesabu ndege wakiwa wanazunguka. Ndani ya mzunguko ndege wanapishana, wanafichana, na jicho linamrudia yule yule. Usihesabu hapo. Subiri. Kundi likifika juu, ndege huanza kutoka mmoja mmoja wakiteleza kwa mstari kuelekea kusini. Chagua alama ya kudumu, mnara wa simu au ncha ya kilima, uhesabu kila anayekatiza alama hiyo. Kihesabio cha kubonyeza kwa kidole kinasaidia sana, maana hulazimiki kutoa macho kwenye darubini.

Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi kwa uangalifu, ujue kumi inachukua nafasi gani angani, kisha pima kumi kumi. Wengi wetu hukadiria pungufu kundi linapokuwa kubwa, kwa hiyo usishangae mwenzako mwenye namba kubwa akiwa ndiye mkweli. Msiandike wastani wa namba zenu. Andikeni zote mbili na jina la aliyehesabu kila moja.

Kama mko wanne, gawaneni anga: mmoja mashariki, mmoja juu, mmoja magharibi, na wa nne aandike tu. Anayeandika asishike darubini. Najua inauma.

Ndege wanaelekea kaskazini mwezi wa Oktoba

Sababu za kawaida: wanakwenda kwenye mkondo wa hewa uliojitokeza nyuma yao, wanakwepa mvua, au wameshafika na wanatafuta chakula. Waandike kama wa kaskazini. Katika kujumlisha, wale waliokwenda kaskazini hupunguzwa kwa waliokwenda kusini kwa aina ile ile, saa ile ile. Ukiwafuta tu utawahesabu tena watakaporudi. Kama kila ndege anaelekea kaskazini, angalia dira ya simu. Dira ya simu iliyowekwa juu ya boneti ya gari hudanganya.

Ndege wa mbali waliogeuka kuwa korongo

Marabu, mwari na korongo weupe wa Ulaya hutumia mikondo ile ile ya hewa, na mara nyingi huzunguka na tai katika kundi moja. Shingo na miguu huwaumbua, isipokuwa marabu na mwari, ambao hukunja shingo. Kundi lolote lililo mbali lisihesabiwe mpaka angalau ndege mmoja ageuke ubavu.

Saa kwenye fomu hazipatani na ndege

Kosa hili ni letu wenyewe, wasemaji wa Kiswahili na Kiganda, na ni baya kwa sababu hujificha. Mwenzako ameandika “saa 3” akimaanisha saa tatu asubuhi. Programu ya kurekodi ndege kama eBird inataka 9:00. Ikiingizwa 3:00, kila mtu ataona kwamba tai hawaruki usiku wa manane, itasahihishwa. Hatari iko kwenye “saa 4” na “saa 10”. Saa nne asubuhi ni 10:00 na saa kumi jioni ni 16:00. Anayesoma “10” bila maelezo anaweza kuihamisha kazi ya jioni kuwa ya asubuhi, na hakuna kitakachomshtua, kwa kuwa ndege huruka saa zote mbili.

Chagueni mfumo mmoja na uandikwe juu ya kila ukurasa. Napendelea saa za kimataifa kwenye fomu, hata kama mdomoni tunaendelea na saa zetu. Fomu za zamani zisizo na maelezo zinaweza kuokolewa kama kuna saa ya kuanza na kumaliza: aliyeanza “1” na kumaliza “9” alifanya kazi kutoka 7:00 hadi 15:00.

Mwaka huu 900, mwaka jana 400: wameongezeka?

Uliza saa ngapi za kazi. Kama mwaka jana mlikaa saa 40 na mwaka huu saa 90, ni ndege kumi kwa saa miaka yote miwili. Bila saa za kuanza, kumaliza, mapumziko ya chakula na idadi ya macho yaliyokuwepo, jumla haina wa kulinganishwa naye. Siku ya sifuri nayo iandikwe. Ukiifuta, wastani wako unapanda kwa uongo.

Angalia pia tarehe. Tai wa nyika hutegemewa zaidi Oktoba ikiisha na Novemba. Mwewe na shakivale wala nyigu hutangulia. Timu iliyohesabu wiki mbili za mwanzo wa Oktoba haiwezi kulinganishwa na iliyohesabu Novemba, hata kama saa ni sawa. Kozi wa Amur, ambao makundi yao yamewapa watu hamu, hupita zaidi mashariki yetu, Kenya na Tanzania, wakitoka kuvuka Bahari ya Hindi. Kutowaona si dalili ya kasoro.

Askari amekuja kuuliza mnaangalia nini

Mtu mwenye teleskopu juu ya kilima, siku nzima, akiandika saa na mwelekeo: ukiwa wewe ungeuliza. Karibu na mpaka, kambi, bwawa la umeme au uwanja wa ndege, usifunue teleskopu kabla ya kujitambulisha. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mweleze, umwachie namba ya simu. Ndani ya hifadhi, ruhusa ni ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. NatureUganda, ambayo imezoea kuhesabu ndege nchini, inaweza kukuunganisha na watu wa eneo. Chukua darubini ya ziada umpe askari aangalie. Akishamwona tai mmoja akitoka kwenye mzunguko, atakuonyesha wa pili kabla yako, na hapo muulize jina lake aandikwe kwenye fomu kama mtu wa tano.